Mishipa ya damu, jinsia na umri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba moja ya Ng'ambo, Unguja, au ya Wete, Pemba, inaweza kuwa na watu watatu wenye presha: mume wa miaka 45, mke wa miaka 38 na bibi wa miaka 76. Mara nyingi wote watatu humeza kutoka pakiti moja, maana jina la dawa ni lile lile. Mume inamkaa vizuri. Mke miguu inamjaa. Bibi anaanguka chooni alfajiri. Dawa haina kasoro. Mishipa iliyoipokea ndiyo inayotofautiana, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imo kwenye vipokezi. Mwanafunzi wa afya aliyekuja kwa ajili ya maabara anaweza kushuka moja kwa moja hadi maswali mawili ya mwisho.

Kipokezi ni kitu gani?

Ni protini, na vingi tunavyovizungumzia hapa vimechomekwa kwenye ngozi nyembamba inayoizingira seli, kichwa nje na mkia ndani. Kwa nje kinashikwa na kemikali inayopita na damu au inayomwagwa na mishipa ya fahamu. Kwa ndani kinaamsha protini nyingine, nayo inaamsha nyingine, hadi msuli wa mshipa ukaze au ulegee. Skuli hufundishwa mfano wa kufuli na ufunguo. Mfano huo unatosha kwa nusu ya kwanza tu. Kufuli likishafunguka limefunguka, lakini kipokezi kinaweza kushikwa barabara na ndani kusitokee kitu, kwa sababu protini ya pili haikuitikia. Nusu hii ya pili ndiyo inayodhoofika zaidi uzeeni, kwa hiyo anayehesabu vipokezi peke yake anaweza kukuta idadi ni ile ile kwa kijana na kwa mzee, akadhani hakuna kilichobadilika.

Ukuta wa ateri una tabaka tatu. Ndani kabisa kuna utando wa seli bapa, unene wa seli moja tu. Katikati kuna msuli laini. Nje kuna nyuzi na ncha za mishipa ya fahamu. Kipokezi kile kile kikikaa kwenye utando kinaweza kulegeza mshipa, na kikikaa kwenye msuli kikaukaza.

Vipokezi vipi vinahusika zaidi na presha?

Vya adrenalini na noradrenalini, kemikali zinazomwagwa mwili ukishtuka au ukijitahidi, ndivyo vya kuanzia. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, mtafiti wa Marekani, alivigawa makundi mawili, alfa na beta, na dawa nyingi za presha na za moyo zilizofuata zimejengwa juu ya mgawanyo huo. Alfa-1 viko kwenye msuli na hukaza. Alfa-2 navyo hukaza, hasa mishipa ya ngozi, na aina yake ya C huchangamka mwili ukipata baridi. Beta-2 hulegeza. Beta-1 viko zaidi moyoni, huongeza mapigo na nguvu ya kusukuma.

Kuna vya angiotensini, homoni inayopandisha presha: AT1 hukaza mshipa na kuufanya mwili ushike chumvi, AT2 huvuta upande wa pili. Kuna vya endotelini, kemikali inayotengenezwa na utando wa ndani: A hukaza, B hulegeza vikiwa kwenye utando na hukaza vikiwa kwenye msuli. Kuna vya asetilkolini kwenye utando, na kuna vya estrojeni, homoni ya kike, ambavyo wanaume pia wanavyo.

Kwa nini presha ya msichana huwa chini kuliko ya kaka yake wa umri unaokaribiana?

Sababu zinazojulikana vizuri ni mbili, na ya pili husahauliwa.

Ya kwanza ni estrojeni. Ikishika kipokezi chake kwenye utando wa ndani, kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki huamka ndani ya dakika chache. Homoni ikiendelea kuwepo kwa siku kadhaa, seli hutengeneza kimeng'enya hicho kwa wingi zaidi. Oksidi ya nitriki ni gesi; hupenya hadi kwenye msuli na kuulegeza. Robert Furchgott na John Zawadzki walionyesha mwaka 1980 kwamba asetilkolini hulegeza kipande cha aota (ateri kuu inayotoka moyoni) ya sungura pale tu utando wa ndani ukiwa mzima. Ukikwanguliwa, kipande hakilegei tena. Furchgott alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad, na ni vyema kukumbuka kwamba utando huo kabla ya hapo ulichukuliwa kama karatasi ya kuzuia damu isivuje, basi.

Ya pili ni beta-2. Kwa vijana wa kiume, kadiri mishipa ya fahamu inavyorusha ishara nyingi kwenda kwenye ateri, ndivyo ateri zinavyokaza. Ishara hizo hupimwa kwa sindano nyembamba inayochomwa kwenye mshipa wa fahamu karibu na goti. Kwa wasichana uhusiano huo hauonekani. Watafiti wa Mayo Clinic, Minnesota, waliwapa wasichana propranololi, inayoziba beta, na uhusiano ukajitokeza. Maana yake beta-2 zao zilikuwa zikifuta sehemu ya kazi ya alfa. Kwa wanawake waliokwisha kukatika hedhi, uhusiano upo hata bila propranololi.

Kwa panya imeonekana pia kwamba estrojeni hupunguza idadi ya AT1 kwenye msuli wa mshipa.

Mwanamume estrojeni inamhusu nini?

Inamhusu. Mwili wake hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni. Mwaka 1994 iliripotiwa habari ya kijana wa miaka 28 aliyezaliwa na kipokezi cha estrojeni aina ya alfa (si zile alfa za adrenalini) kisichofanya kazi. Uchunguzi uliofuata, mwaka 1997, ulikuta ateri za moyo wake zimeanza kuharibika mapema mno. Testosteroni yenyewe hulegeza vipande vya mshipa ndani ya maabara, lakini kwa ukolezi ulio juu sana kuliko ule wa kwenye damu, kwa hiyo tusiijengee hoja kubwa.

Umri unabadilisha nini, na unaanza lini?

Mambo manne kwa pamoja, na hayaanzi siku moja.

Vipokezi vya beta huitikia kwa unyonge. Ukimpa mzee isoprenalini, dawa inayoshika beta, mishipa yake hulegea kidogo kuliko ya kijana na moyo wake hauongezi mapigo kama wa kijana. Kasoro kubwa iko ndani ya seli, pale kipokezi kinapokabidhi ujumbe.

Mishipa ya fahamu nayo huongeza kelele. Noradrenalini huwa nyingi kwenye damu ya mzee hata akiwa amekaa tu. Alfa zinazopigwa kutwa kucha hupunguza mwitikio, lakini mvuto wa jumla unabaki upande wa kukaza.

Oksidi ya nitriki hupungua, kwa sehemu kwa kuwa hutengenezwa kidogo, na kwa sehemu kwa kuwa inakutana na kemikali kali za oksijeni na kuharibika kabla haijafika kwenye msuli. Hapa tuna tarakimu. Kipimo kilichochapishwa mwaka 1994, cha kuangalia ateri ya mkono inavyotanuka damu ikirudi kwa kasi baada ya kuzuiwa kwa mkanda, kilionyesha wanaume wako sawa hadi miaka 40 hivi, kisha utanukaji unashuka kwa asilimia 0.21 kwa mwaka. Wanawake walikuwa imara hadi miaka ya mwanzo ya hamsini, halafu wakashuka kwa asilimia 0.49 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya kasi ya wanaume. Dawa inayoulegeza msuli moja kwa moja iliendelea kufanya kazi kwa umri wowote. Kwa hiyo msuli ulikuwa bado unaweza kulegea. Utando ndio ulioacha kuuambia.

La nne halihusu vipokezi: ateri kubwa hukakamaa. Ndiyo maana kwa wazee namba ya juu ya presha hupanda huku ya chini ikibaki au kushuka. Presha ya 168/72 kwa mzee ni presha ya kutibiwa. Asidanganywe na hiyo 72.

Hedhi ikikatika, presha inapanda mara moja?

Hapana, huwa ni miaka kadhaa. Wengi hukatika kati ya miaka 45 na 55. Baada ya hapo wastani wa presha ya wanawake huwafikia wanaume, na uzeeni huwapita. Mwili huanza pia kushika chumvi zaidi. Mwanamke aliyekula ng'onda na papa mkavu maisha yake yote bila tatizo anaweza kukuta chakula kile kile sasa kinampandisha. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa na ile iliyomo tayari kwenye samaki mkavu, achari na vidonge vya supu. Samaki mkavu arowekwe, maji yamwagwe, arowekwe tena, kisha mchuzi usitiwe chumvi.

Basi si ameze estrojeni irudi?

Wazo hilo lilijaribiwa. Jaribio kubwa la Marekani lilihusisha wanawake 16,608 wenye wastani wa miaka 63, karibu nusu wakipata estrojeni pamoja na projestini, homoni ya pili ya kike. Lilisimamishwa mwaka 2002 kwa kuwa waliomeza homoni walipata zaidi saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda na matatizo ya moyo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mishipa ya miaka 63 ilikuwa imeshaharibika. Homoni haikukuta tena utando mzima wa kuuamsha. Leo homoni hizo hupewa mwanamke anayesumbuliwa sana na joto la ghafla na jasho, mapema baada ya kukatika. Hazitolewi kwa ajili ya kulinda moyo.

Kuna jambo jingine ambalo wauza dawa hawalisemi: estrojeni ya kumeza hupitia kwanza kwenye ini, na ini huongeza malighafi ya angiotensini. Ndiyo sababu vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vinaweza kupandisha presha ya msichana ambaye estrojeni ya mwili wake mwenyewe ilikuwa ikimlinda. Kabla ya kuanza, apimwe. Akiwa na 140/90 au zaidi apewe njia nyingine, na mvutaji sigara wa miaka 35 au zaidi vilevile.

Kwa nini mzee anashikwa na kisunzi akiinuka kutoka sijda?

Mtu akisimama, kati ya nusu lita na karibu lita moja ya damu huteremkia miguuni na tumboni. Vihisi vilivyo kwenye ateri za shingo na juu ya moyo vinapaswa kugundua upungufu huo kwa sekunde chache na kuamuru moyo uongeze mapigo kupitia beta-1, na mishipa ikaze kupitia alfa-1. Kwa mzee ateri ya shingo imekakamaa na haivutiki, kwa hiyo ishara ni dhaifu. Beta haziitiki. Mishipa imeshakaza kiasi inachoweza, haina akiba. Ongeza juu yake kidonge kinachoziba alfa, au cha kukojoza, na joto la kaskazi linalotanua mishipa ya ngozi, na mtu anaanguka.

Tarawehe ina hatari yake ya pekee, kwa sababu mambo matatu hukutana saa ile ile. Mzee hajanywa maji tangu daku. Amefuturu kwa wanga mwingi, mihogo, ndizi, tambi, na kwa wazee presha hushuka ndani ya saa mbili za kwanza baada ya mlo mkubwa, damu ikiwa imevutwa tumboni. Na kidonge alichokimeza wakati wa kufuturu, hasa kaptoprili, kinafika kileleni kati ya saa moja na saa moja na nusu. Afuturu kidogo, mlo mkubwa uje baada ya sala. Anywe vikombe viwili vya maji kabla ya kwenda msikitini. Na saa ya kidonge ipangwe upya na daktari kabla ya Ramadhani kuingia. Akiinuka akae kidogo kwanza, akaze mapaja na viganja, ndipo asimame. Asijiachishe dawa mwenyewe.

Kupima nyumbani hakuna ugumu:

1. Alale chali dakika 5, apimwe.
2. Asimame, apimwe dakika ya 1 akiwa amesimama.
3. Apimwe tena dakika ya 3. Mtu awe karibu naye wa kumshika.

Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ana tatizo hata kama hasikii kisunzi. Kosa la kawaida ni kumkalisha na kumpima mara moja kwenye kiti, akaonekana ana 150, akaongezewa dozi.

Haya si ya wazee peke yao. Mchumaji wa karafuu Pemba aliyeanzishwa dawa ya presha asipande mkarafuu wiki za mwanzo, wala wiki baada ya dozi kuongezwa. Kisunzi cha sekunde tano ukiwa kwenye baraza si kitu. Juu ya tawi ni jambo jingine.

Dawa za tezi dume zinaingiaje hapa?

Msuli wa tezi dume na wa shingo ya kibofu una alfa-1 kama ule wa mishipa. Prazosini, terazosini na doksazosini huziba zote, kwa hiyo mkojo hupita na presha hushuka. Dozi ya kwanza ndiyo hatari: imezwe mtu akiwa tayari kitandani, na usiku huo akiamka kukojoa akae ukingoni mwa kitanda kwanza. Tamsulosini huchagua zaidi alfa-1 za tezi, hivyo hushusha presha kidogo kuliko hizo, ila haina usalama kamili. Mwenye kuimeza au aliyewahi kuimeza amwambie daktari wa macho kabla ya kutolewa mtoto wa jicho, maana msuli wa mboni nao una alfa-1 na hulegea wakati wa upasuaji.

Na hizo za nguvu za kiume zinazonunuliwa kimyakimya? Sildenafili huzuia kuvunjwa kwa ujumbe wa oksidi ya nitriki ndani ya msuli. Ikikutana na dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, ambayo huleta oksidi ya nitriki, presha inaweza kuporomoka kiasi cha kuua. Kati ya sildenafili na dawa hiyo ya ulimi yapite angalau saa 24. Kwa tadalafili, saa 48. Mzee wa miaka 65 na zaidi huanzia miligramu 25. Anayepelekwa hospitali kwa maumivu ya kifua aseme ukweli alichokimeza. Aibu hapo haina faida.

Dawa zipi zinamkaa mwanamke tofauti na mwanamume?

Amlodipini, dawa ya presha, hujaza miguu zaidi kwa wanawake. Inatanua ateri ndogo huku vena zikibaki vilevile, damu inaingia kwa nguvu kuliko inavyotoka, na maji yanavuja. Kwa hiyo kidonge cha kukojoza hakisaidii sana. Kupunguza dozi husaidia, na kuongeza losartani au enalaprili, nazo za presha, pia, kwa kuwa hizo zinafungua na vena.

Enalaprili na kaptoprili huleta kikohozi kikavu, wanawake wakiwa wengi zaidi. Kinaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya kidonge cha kwanza, na wengi hunywa tangawizi na asali bure. Losartani hufanya kazi kwenye AT1 moja kwa moja na kwa kawaida hailetei kikohozi hicho.

Haidroklorothiazaidi, kidonge cha kukojoza, hushusha sodiamu kwenye damu, na wanaoathirika zaidi ni wanawake wazee wembamba. Bibi akianza kuchanganyikiwa au kulegea wiki mbili baada ya kuanza, apimwe sodiamu kabla ya kuambiwa ni uzee.

Propranololi huziba beta-2 pamoja na beta-1. Kwa mwanamke kijana, ambaye beta-2 ndizo zilizokuwa zikipunguza makali ya alfa, vidole vinaweza kuwa baridi na vyeupe. Mwenye pumu, wa jinsia yoyote, asiiguse.

Na mjamzito?

Hapa vipokezi hubadilika kuliko wakati mwingine wowote wa maisha. Mimba ya kawaida hufanya mishipa isisikie angiotensini II, ndiyo maana presha hushuka katikati ya mimba hata damu ikiwa imeongezeka. Watafiti wa Dallas walionyesha mwaka 1973 kwamba wasichana wa mimba ya kwanza ambao baadaye walipata presha ya mimba walipoteza ukinzani huo wiki nyingi kabla presha haijapanda. Kwenye presha ya mimba kondo la nyuma nalo humwaga protini inayonasa vichocheo vya utando wa mishipa, oksidi ya nitriki ikapungua mwili mzima.

Presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ichukuliwe hatua siku hiyo hiyo. Ikifika 160/110, au kukiwa na kichwa kikali, macho kuona ukungu au nyota, maumivu chini ya mbavu za kulia, au uso kuvimba ghafla, asisubiri kliniki ya wiki ijayo: Unguja ni Mnazi Mmoja, kusini mwa Pemba ni Abdulla Mzee, Mkoani, au hospitali yoyote iliyo karibu. Kifafa cha mimba huzuiwa kwa sindano ya magnesiamu salfeti.

Enalaprili, kaptoprili na losartani zinaharibu figo za mtoto tumboni. Hapo ndipo mke anayeazima kidonge cha mume anapoingia hatarini bila kujua, hasa mimba ikiwa bado haijajulikana. Zinazotumika kwa mjamzito ni metildopa, nifedipini ya kutoka taratibu na labetaloli. Aliyewahi kupata presha ya mimba apimwe angalau mara moja kila mwaka hata mtoto akiwa mkubwa.

Karafuu na kahawa je?

Yujenoli, mafuta yanayoipa karafuu harufu yake, hulegeza vipande vya ateri ya panya kwa kuzuia kalsiamu isiingie kwenye msuli. Hilo ni kweli, na ndilo linalonukuliwa mitandaoni. Lakini kipande kimelowekwa ndani ya dawa. Chai ya karafuu haifikishi ukolezi huo kwenye ateri. Kunywa mafuta ya karafuu yenyewe ili kufidia hilo huharibu ini, na kwa mtoto mdogo ni sumu.

Kafeini huziba vipokezi vya adenosini, ambavyo hulegeza mishipa, kwa hiyo kahawa chungu ya barazani hupandisha presha kwa saa chache. Mnywaji wa kila siku huzoea. Asipimwe tu ndani ya nusu saa baada ya kunywa.

Mashine ya nyumbani inanipa namba zisizoeleweka.

Tazama mkanda kwanza. Unaokuja na mashine nyingi hufaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mama mwenye mkono wa sentimita 36 utamwonesha presha ya juu kuliko aliyonayo, na bibi mwembamba wa sentimita 20 utamwonesha ya chini. Pima mkono kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mengine ni haya: akae dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, kibofu kitupu, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda usifungwe juu ya nguo. Pima mara mbili, dakika moja kati yake, uandike zote mbili.

Tunataka kulinganisha mishipa ya panya majike na madume, vijana na wazee. Nini cha kuangalia?

Mpangilio wa kawaida ni vipete vya aota vya milimita 3, ndani ya mchanganyiko wa Krebs (maji ya chumvi na sukari yanayoiga majimaji ya mwili) wa nyuzi 37, pH 7.4, ukipulizwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Vuta hadi gramu 1.5 au 2, acha dakika 60, badilisha maji kila dakika 15. Kaza kwa kloridi ya potasiamu milimola 60 kuona kama kipete ki hai. Osha, kaza kwa fenilefrini, inayoshika alfa-1, kisha ongeza asetilkolini hatua kwa hatua kutoka 10⁻⁹ hadi 10⁻⁵ mola. Kipete cha panya kijana kisicholegea vizuri kimekwanguka utando wakati wa kukata. Kitupe, usikiite ugonjwa.

Makosa yanayoharibu kazi nzima ni haya. Jike ana mzunguko wa siku 4 hadi 5, na bila kuangalia majimaji ya uke kwa hadubini utachanganya siku za estrojeni nyingi na chache ukapata wastani usio na maana. Fenilefrini hukaza aota ya jike kwa unyonge, na haraka haraka utaandika kwamba alfa-1 ni chache. Rudia ukiwa umezuia kimeng'enya cha oksidi ya nitriki, na mara nyingi pengo hupungua, ishara kwamba utando ulikuwa ukipinga. Aota ya panya wa miezi 24 ina nyuzi nyingi na msuli kidogo, kwa hiyo linganisha kila jibu na lile la potasiamu la kipete hicho hicho, usitumie gramu tupu. Na wanaofuga seli wajue kwamba rangi nyekundu ya fenoli iliyomo kwenye vimiminika vingi vya kufugia seli ina nguvu kidogo ya estrojeni. Nunueni kisicho na rangi.

Na kwa binadamu, kile kipimo cha ateri ya mkono inavyotanuka?

Mkanda hufungwa kwenye kigasha, unajazwa hadi 50 juu ya namba ya juu ya presha, unakaa dakika 5, unaachiwa. Altrasaundi inafuata ateri ya juu ya kiwiko, na utanukaji hufika kileleni karibu na sekunde ya 45 hadi 60. Mpimwaji awe hajala saa 6 au zaidi, hajavuta, hajanywa kahawa, chumba kisiwe na joto, na wanawake wa umri wa hedhi wapimwe siku ya 1 hadi ya 7 ya mzunguko.

Mtego mkubwa uko kwenye hesabu. Ateri ya mwanamke ni nyembamba. Ateri ya milimita 3.2 ikitanuka kwa milimita 0.3 ni karibu asilimia 9.4, ya mwanamume ya milimita 4.2 ikitanuka kwa kiasi kile kile ni asilimia 7.1. Ukiandika asilimia peke yake umeshampa mwanamke ushindi kabla ya kipokezi chochote kuulizwa, kwa hiyo kipenyo cha mwanzo kiandikwe na kiingizwe kwenye hesabu.